Kwa nini watu wanaingia barabarani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vyanzo vya maandamano ya kupinga utawala mbovu

Kila yakitokea maandamano makubwa mahali popote duniani maswali yanayofuata huwa ni yale yale, nani kawatuma, kwa nini sasa, si wangekaa wazungumze. Nimeyakusanya yale yanayorudiwa sana na kuyajibu kadiri ninavyoyaelewa. Jibu likishatolewa sehemu moja silirudii, nitakwambia tu urudi swali lipi.

## Tuanze na msingi

1. Utawala mbovu ni nini hasa? Si kila mtu ana malalamiko na serikali yake?

Ni kweli, malalamiko yapo hata kwenye nchi zinazoendeshwa vizuri. Kodi kubwa, barabara haiishi, huduma inachelewa. Hayo peke yake hayaitwi utawala mbovu.

Utawala mbovu ni pale malalamiko yanapokosa pa kwenda. Umeonewa, unaenda ofisini unapigwa danadana njoo kesho njoo keshokutwa, unaenda polisi unaombwa hela, unaenda mahakamani kesi inapigwa kalenda mpaka unachoka mwenyewe, alafu unajipa moyo kwamba uchaguzi ukifika utawatoa kwa kura, uchaguzi unafika na mshindi anajulikana kabla hata hujapanga foleni. Hapo ndo mtu anaanza kuiona barabara kama ofisi pekee iliyobaki wazi.

2. Maandamano, mgomo, vurugu na mapinduzi si kitu kimoja?

Hapana. Maandamano ni watu kujitokeza hadharani kusema hawakubaliani na jambo. Mgomo ni kukataa kufanya kazi, kulipa, kusoma au kununua. Vurugu ni kupiga, kuchoma, kupora. Mapinduzi ni kuondoa madaraka nje ya utaratibu wa katiba, mara nyingi kwa mkono wa jeshi. Yanaweza kufuatana siku hiyo hiyo moja, lakini anayeyaita yote "vurugu" ujue anataka usisikie watu walikuwa wanadai nini.

3. Kuandamana ni haki kisheria au ni uvunjaji wa amani?

Ni haki. Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 20, linataja uhuru wa kukusanyika kwa amani, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 umeirudia haki hiyo kwenye kifungu cha 21. Mwaka 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ufafanuzi mrefu wa kifungu hicho, na mambo mawili mle ndani kila mtu angepaswa kuyajua: watu wachache wakifanya fujo haimaanishi mkusanyiko mzima umepoteza ulinzi wake, na kutotoa taarifa kabla hakuufanyi mkusanyiko wenyewe kuwa haramu.

Serikali inaweza kuweka mipaka, mfano kwa ajili ya usalama au haki za wengine, ila mipaka hiyo lazima iwe ya sheria na ya lazima kweli. Katazo la jumla la "hakuna maandamano mpaka tutakaposema" sio mpaka, ni kuifuta haki yenyewe.

4. Nikitaka jibu moja tu, chanzo kikubwa ni nini?

Kwa mtazamo wangu ni dharau inayokutana na milango iliyofungwa. Umaskini unachangia, rushwa inachangia, bei zinachangia, lakini kinachomtoa mtu ndani ni kuona kwamba hata akisema hamna anayemhesabu kama mtu.

Angalia Tunisia. Tarehe 17 Desemba 2010, mji wa Sidi Bouzid, kijana wa miaka 26 aitwaye Mohamed Bouazizi alikuwa anauza matunda kwenye mkokoteni. Maafisa wakamnyang'anya bidhaa na mizani. Mizani. Muuza matunda bila mizani hana kazi, na ile ndo ilikuwa inalisha familia. Akaenda ofisi za serikali kulalamika, akakataliwa kusikilizwa. Akarudi akajimwagia mafuta mbele ya ofisi ya gavana akajiwasha moto. Alifariki tarehe 4 Januari 2011, na siku kumi baadaye Rais Ben Ali, aliyekuwa madarakani miaka 23, alikimbia nchi.

Watu husimulia mambo ya mizani na kuishia hapo. Mimi huwa nasimama pale mlangoni. Angepokelewa, mtu mmoja tu akamwambia kaa hapa eleza kisa chako, huenda siku ile ingepita kama siku nyingine.

## Pesa, ajira na bei

5. Kwa hiyo si njaa tu na ugumu wa maisha?

Njaa ni sehemu, ila sio yote. Ingekuwa njaa peke yake basi nchi maskini zaidi zingekuwa na maandamano kila wiki, na haiko hivyo. Ugumu wa maisha unageuka hasira ya kisiasa pale watu wanapoamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba shida hii imesababishwa na mtu, na kwamba mtu huyo yeye haimgusi. Ukame ukileta njaa watu wanasaidiana. Ukiwa na njaa hiyo hiyo alafu unaona mtoto wa waziri anaonyesha magari ya kifahari mtandaoni, hapo hisia ni nyingine kabisa.

Nepal mwaka 2025 hili lilionekana wazi. Kabla ya maandamano ya Septemba vijana walikuwa wanasambaza picha na video za watoto wa viongozi wakila maisha, na pembeni wanaweka hali ya vijana wa kawaida ambao wengi wao wanalazimika kwenda kutafuta kazi nje ya nchi. Hamna aliyehitaji kuwaelezea tofauti.

6. Mbona nchi zenye nafuu ndo zinawaka, na zenye shida kubwa zinatulia?

Swali zuri sana hili na watu wengi wanalikosea. Mtu aliye chini kabisa siku yake yote inaisha kwenye kutafuta chakula, hana nauli ya kwenda kuandamana, hana akiba ya kukaa siku tatu bila kazi. Anayeandamana mara nyingi ni yule aliyeahidiwa kitu, akaanza kukiona kinakuja, alafu kikasimama au kikarudi nyuma. Mtu aliyesoma mpaka chuo kwa sababu aliambiwa soma utapata kazi, kamaliza, miaka minne yuko nyumbani.

Chile mwaka 2019 ilikuwa inasifiwa kama moja ya nchi zenye uchumi mzuri Amerika ya Kusini, Tunisia nayo ilikuwa na wasomi wengi. Kwenye takwimu mambo yalikuwa yanasonga. Ila pengo kati ya kile mtu alichotarajia na kile alichonacho mkononi ndo hupimwa moyoni, na hicho kipimo hakipo kwenye ripoti za ukuaji wa uchumi.

7. Kwa nini vitu vidogo kama nauli au tozo ndo huwasha moto?

Kwa sababu kitu kidogo kinamgusa kila mtu siku hiyo hiyo. Ufisadi wa mabilioni mtu anausikia redioni, hauoni, hata hiyo namba kuifikiria ni kazi. Nauli ikipanda anaijua asubuhi ile ile akiwa na chenji mkononi.

Oktoba 2019 Santiago, mji mkuu wa Chile, nauli ya treni za chini ya ardhi ilipanda peso 30. Waziri wa uchumi akawa ameshauri kwamba anayeamka mapema atapata nauli nafuu. Fikiria unasikia hilo na wewe unaamka kumi na moja alfajiri kila siku. Wanafunzi wa sekondari wakaanza kuruka vile vizuizi vya kupitishia tiketi, kundi kwa kundi, tena wanawafungulia na watu wazima wapite. Ndani ya siku chache mji mzima ukawa umesimama, na msemo uliosambaa ulikuwa siyo peso 30, ni miaka 30. Yaani pensheni, gharama za shule, hospitali, vyote vilivyojikusanya.

Mwezi huo huo Lebanoni serikali ikatangaza tozo kwenye simu za WhatsApp, senti 20 za dola kwa siku. Usiku ule ule watu wakajaa barabarani, na serikali ikaifuta tozo ndani ya masaa machache lakini watu hawakurudi (kwa nini hawakurudi, nenda swali la 16). Na hili sio la juzi. Januari 1977 Misri ilipunguza ruzuku ya vyakula vya msingi, miji ikalipuka kwa siku mbili, makumi wakafa, na Rais Sadat akarudisha ruzuku. Sudan Desemba 2018 bei ya mkate ilitoka pauni 1 hadi 3, watu wakaanza kutoka mji wa Atbara, na Aprili 2019 Omar al-Bashir aliyeshika nchi tangu 1989 akaondolewa.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "wanaandamana kwa sababu ya senti 20", mwambie senti 20 ni tone la mwisho, ndoo ilishajaa zamani.

8. Kwa nini kila mara ni vijana?

Sio kila mara, ila mara nyingi. Sababu ya kawaida inayotajwa ni kwamba hawana cha kupoteza, mimi naona ni kinyume, wao ndo wana cha kupoteza kirefu kuliko wote. Kiongozi wa miaka 70 akikopa deni la miaka 30 atakayelilipa ni aliye na miaka 20 saivi. Ongeza kwamba vyama, mabunge na ofisi zimejaa watu wa rika moja ambao hawaachii nafasi, kijana anaambiwa wewe ni taifa la kesho, na hiyo kesho inasogezwa kila mwaka.

9. Madeni ya nchi yanahusikaje?

Yanahusika kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu deni linachukua muda kuonekana, alafu likionekana linakuja lote kwa pamoja.

Sri Lanka ni mfano wa karibu. Mwaka 2019 serikali ilipunguza kodi kwa kiasi kikubwa, mapato yakashuka. Ikaja korona, watalii wakaisha. Mwaka 2021 ikapiga marufuku mbolea za viwandani karibu ghafla, mavuno yakaanguka. Fedha za kigeni zikakauka, na Aprili 2022 nchi ikatangaza imesitisha kulipa madeni ya nje. Kwa mwananchi hiyo sentensi ilikuwa na maana gani? Foleni ya mafuta ya siku nzima juani. Wapo wazee waliofia kwenye hizo foleni. Umeme unakatwa masaa kwa masaa, dawa hospitalini hamna. Tarehe 9 Julai 2022 umati ukaingia ikulu, wengine wakaogelea kwenye bwawa la rais, na siku chache baadaye Gotabaya Rajapaksa akajiuzulu akiwa nje ya nchi.

Kila uamuzi kati ya hiyo ungeweza kupingwa mapema na bunge lenye nguvu au wataalamu wanaosikilizwa. Hapo ndo utawala mbovu unapokutana na uchumi. Kukosea kila serikali inakosea, tatizo ni kukosea bila mtu wa kukuzuia.

Kenya mwezi Juni 2024 nayo ilianzia kwenye Mswada wa Fedha wenye kodi mpya za kuisaidia serikali iliyobanwa na madeni. Vijana wakausoma mswada wenyewe kifungu kwa kifungu na kuelezana kwenye simu, tarehe 25 wabunge wakaupitisha licha ya umati uliokuwa nje, waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakapigwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Kumbuka kilichouma: kelele zote zile zilisikika na bado wabunge wakapiga kura ya ndiyo.

## Rushwa, kura na polisi

10. Rushwa ipo miaka yote, kwa nini siku moja watu wanaichoka?

Huwa kuna njia mbili. Ya kwanza ni pale inapofanywa bila hata aibu. Romania, usiku wa tarehe 31 Januari 2017, serikali ilipitisha amri ya kulegeza adhabu za matumizi mabaya ya ofisi, usiku, watu wakiwa wanaenda kulala. Kilichowachoma watu ni amri yenyewe na pia ile saa. Mtu anayefanya jambo jema hangoji giza. Wiki haijaisha mamia ya maelfu wako nje kwenye baridi kali na amri ikafutwa.

Njia ya pili ni rushwa inapoua. Tarehe 1 Novemba 2024 paa la zege la mlangoni mwa stesheni ya treni ya Novi Sad, Serbia, liliporomoka juu ya watu waliokuwa wamekaa wanasubiri. Waliofariki walifikia 16. Stesheni ilikuwa imetoka kukarabatiwa. Wanafunzi wakaanza kusimama barabarani kimya dakika kumi na tano, dakika moja kwa kila aliyekufa kwa idadi ya wakati ule, hawapigi kelele, wanasimama tu na magari yanasimama. Walichodai cha kwanza ni nyaraka za ukarabati ziwekwe wazi. Nyaraka! Hiyo inakuonyesha watu wanataka nini: kujua nani alisaini, nani alikagua, hela ilipita wapi. Januari 2025 waziri mkuu akatangaza kujiuzulu na maandamano yakaendelea.

Kabla ya siku kama hiyo rushwa inaonekana ni gharama ya maisha, unatoa kidogo yanaisha. Siku paa linapoanguka kila mtu anakumbuka kile kidogo alichowahi kutoa.

11. Uchaguzi unachangia vipi?

Uchaguzi wa haki ni kipoozeo. Hata aliyeshindwa anajua kuna siku nyingine. Ukiuvuruga umeondoa sababu pekee ya watu kuwa na subira.

Ufilipino Februari 1986, wafanyakazi wa kompyuta wa tume ya uchaguzi waliona namba zinazoonyeshwa hadharani haziendani na zile walizokuwa wanaingiza, wakainuka kwenye viti vyao wakatoka nje. Walikuwa watu kama 30 tu hivi, siyo wanasiasa. Wiki mbili baadaye barabara ya EDSA ilikuwa imejaa watu siku nne mfululizo na Rais Ferdinand Marcos akaondoka.

Kubadili katiba ili kiongozi aongeze muda ni jambo la aina hiyo hiyo. Blaise Compaoré wa Burkina Faso alikuwa na miaka 27 madarakani, Oktoba 2014 bunge likawa linaenda kupiga kura ya kuondoa kizuizi cha mihula, siku yenyewe ya kura umati ukaingia ukalichoma jengo la bunge, na kesho yake akajiuzulu.

12. Inawezekana polisi wenyewe wakawa chanzo?

Ndiyo, na sio mara moja. Nigeria Oktoba 2020 maandamano ya EndSARS yalikuwa dhidi ya kikosi maalum cha kupambana na ujambazi ambacho vijana walikuwa wanakilalamikia kwa kukamata watu ovyo, kutesa na kupora. Kijana akiwa na simu nzuri tu tayari ni mshukiwa. Polisi ndo sura ya serikali ambayo mwananchi anakutana nayo mara nyingi kuliko waziri yeyote, kwa hiyo wakiwa wabaya, serikali yote mbaya, hata kama wizara nyingine zinafanya kazi.

## Cheche na kusambaa

13. Kwa nini siku ile na sio mwaka jana? Shida si zilikuwepo?

Shida zilikuwepo, kilichokuwa hakipo ni kujua kwamba na wengine wamechoka. Chini ya utawala wa mabavu kila mtu anapiga makofi huku anamtazama jirani, na jirani naye anapiga makofi kwa sababu anakutazama wewe. Wote wanaweza kuwa wanachukia na hamna anayejua.

Tarehe 21 Desemba 1989 Nicolae Ceaușescu wa Romania alipanda kwenye roshani kuhutubia umati ulioletwa na chama chake, watu wametolewa makazini wakapewa mabango washangilie. Katikati ya hotuba zikasikika sauti za kuzomea kutoka nyuma. Kwenye video unamwona anasita, mkono uko juu, haelewi. Zile sekunde chache kila aliyekuwa uwanjani alijua siri ambayo kila mmoja alidhani ni yake peke yake. Siku nne baadaye Ceaușescu hakuwepo tena duniani.

Ndo maana cheche haitabiriki. Huwezi kujua ni lini woga utahama upande.

14. Mitandao ya kijamii ndo inasababisha?

Inaharakisha, haisababishi. Mwaka 1979 Iran ujumbe ulisambaa kwa kanda za kaseti, Ufilipino 1986 kwa redio, Leipzig ya Ujerumani Mashariki 1989 watu walianzia kanisani kila Jumatatu mpaka tarehe 9 Oktoba wakafika kama 70,000, na hapo hamna simu wala nini. Mtandao unafanya kazi ya lile swali la juu, unakuonyesha hauko peke yako, tena ndani ya dakika.

Na kuuzima mara nyingi kunaharibu zaidi. Misri ilipozima intaneti mwishoni mwa Januari 2011 mzazi aliyekuwa anafuatilia habari za mwanae kwenye skrini ilibidi atoke nje kumtafuta, akajikuta yuko kwenye umati. Septemba 2025 Nepal ilipofungia mitandao ya kijamii ipatayo 26 ilidhani inazima mjadala, ikawa imewapa vijana sababu nyingine ya kutoka.

15. Si wanafadhiliwa na mabeberu?

Mataifa makubwa yana maslahi yao na yapo yaliyoingilia nchi za watu, hilo nisingependa mtu alikane, historia inalionyesha. Lakini jiulize hivi: hela kutoka nje inaweza kununua mabango, maji ya kunywa, pengine hata msemaji mmoja mwenye maneno matamu. Inaweza kununua watu milioni moja wakae mbele ya maji ya kuwasha na risasi? Oktoba 2019 Santiago walitoka zaidi ya milioni moja siku moja.

Kinachonisikitisha kwenye hii hoja ni kwamba inamchukua mama aliyepoteza mtoto kwenye jengo lililojengwa kwa rushwa na kumwambia hata uchungu wako sio wako, umetumwa. Rudi swali la 4 uone neno nililolitumia pale.

## Serikali inavyojibu

16. Serikali ikikubali dai, mbona watu hawarudi nyumbani?

Kwa sababu ya kuchelewa, na kwa sababu ya damu. Dai likijibiwa siku ya kwanza ni makubaliano, likijibiwa baada ya watu kufa linaonekana ni hila. Nigeria serikali ilitangaza tarehe 11 Oktoba 2020 kwamba kikosi kimevunjwa, watu wakaendelea, kwa sababu ahadi za kukirekebisha walishazisikia zaidi ya mara moja na kikosi kikabaki. Imani ikiisha hata ukweli unaonekana uongo.

Bangladesh 2024 ndo somo kamili. Wanafunzi walianza na jambo moja dogo tu, asilimia 30 ya ajira za serikali zilizotengwa kwa familia za wapiganaji wa vita vya ukombozi vya 1971. Waziri Mkuu Sheikh Hasina akatumia neno ambalo kule ni sawa na kuwaita wasaliti wa vita hivyo. Usiku huo huo mabweni yakatoka. Polisi wakapiga risasi, intaneti ikazimwa. Tarehe 21 Julai Mahakama ya Juu ikapunguza mgawo mpaka asilimia 5, yaani dai likawa limepatikana karibu lote, lakini wakati huo watu walikuwa wanazika. Dai jipya likawa moja, aondoke, na tarehe 5 Agosti akakimbilia India. Umoja wa Mataifa ulikadiria waliouawa huenda walifikia 1,400.

17. Kwa hiyo nguvu haisaidii kabisa?

Kwa bahati mbaya wakati mwingine inasaidia wanaoitumia, maandamano mengi yamezimwa na tusidanganyane. Ila inazima mdomo, haigusi chanzo. Na ina hatari yake: askari naye ana ndugu kwenye umati. Kuna siku anaamriwa kupiga na anashusha bunduki, na tawala nyingi zilizoonekana imara zimeishia kwenye dakika hiyo.

## Maswali magumu

18. Na uporaji je? Unaondoa uhalali?

Unaumiza, na unaumiza wasio na hatia. Mwenye duka lililochomwa hakuandika bajeti ya nchi. Sikubali kabisa hoja kwamba ni "gharama za mapambano". Wapo waporaji wanaofuata umati kama mainzi, na kwenye nchi kadhaa waandamanaji wenyewe wamewahi kulalamika kwamba kuna watu wanaingizwa ili kuuchafua umati.

Hata kwa hesabu tu fujo hailipi. Watafiti waliopitia kampeni zaidi ya 300 kati ya 1900 na 2006 waliona zile za amani zilifanikiwa kama asilimia 53 na zile za silaha asilimia 26. Korea Kusini watu walikuja na mishumaa kila Jumamosi kuanzia mwishoni mwa 2016, na Machi 2017 mahakama ya katiba ikamwondoa Rais Park Geun-hye. Mzazi anaweza kuja na mtoto kwenye mishumaa, hawezi kuja naye kwenye mawe. Kuhusu haki ya wengine waliobaki kwa amani angalia swali la 3.

19. Mbona mengine yanaishia kuleta jeshi au hali mbaya zaidi?

Hili ni swali linaloumiza. Sudan watu walilala mbele ya makao makuu ya jeshi wakidai utawala wa kiraia, Juni 2019 wakavamiwa na kuuawa pale pale, 2021 jeshi likachukua tena, na Aprili 2023 majenerali wawili wakaanza kupigana wao kwa wao. Madagaska mwaka 2025 vijana walitoka kudai maji na umeme mwishoni mwa Septemba, katikati ya Oktoba jeshi lilikuwa limeshika nchi.

Sababu naiona ni hii: utawala mbovu ukikaa muda mrefu unakuwa umeua kila kitu cha katikati, vyama, vyama vya wafanyakazi, mahakama, vyombo vya habari. Ukianguka, kinachobaki kimesimama na kina mpangilio ni jeshi. Umati unajua kusema hapana, ila kugawa wizara, kuandika katiba na kulipa mishahara mwezi ujao kunahitaji watu waliozoea kukaa pamoja mezani. Tunisia ilipata nafuu kwa miaka kadhaa kwa sababu ilikuwa na muungano wa wafanyakazi, wanasheria na wengine walioweza kupatanisha, mwaka 2015 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hata hivyo 2021 rais alisimamisha bunge na madaraka mengi yakarudi mkononi mwa mtu mmoja.

20. Watu wanaweza kuandamana kupinga sera ambayo ni nzuri?

Inatokea. Kodi ya mafuta iliyowatoa barabarani waandamanaji waliovaa vizibao vya njano Ufaransa Novemba 2018 ilikuwa na lengo la mazingira. Kuondoa ruzuku nako wachumi wengi wanakutetea. Lakini sera nzuri inayomwangukia wa chini kwanza, bila kuelezwa, wakati huo huo wa juu wamepunguziwa, kwa anayeilipa haina uzuri wowote. Waliotoka Ufaransa wengi walikuwa watu wa vijijini na miji midogo ambao bila gari hawafiki kazini.

21. Nchi ikiwa kimya si ina maana watu wameridhika?

Huwezi kujua kwa ukimya peke yake. Wengine wako kimya kwa sababu mambo yanaenda, wengine kwa sababu ya woga, wengine kwa sababu wanaolalamika walishahama nchi, na wengine kwa sababu wamegawanywa makabila na dini mpaka kila kundi linaogopa kundi lingine kuliko linavyoiogopa serikali. Angalia vitu vingine: je, gazeti linaweza kuandika kashfa ya waziri na mwandishi akalala kwake? Mtu wa kawaida akiishtaki serikali anaweza kushinda? Vijana wakiulizwa wanataka kuishi wapi wanajibu nini?

Oktoba 2009 Ben Ali alitangazwa mshindi wa urais Tunisia kwa karibu asilimia 90 ya kura, na nchi ilikuwa kimya. Miezi 15 baadaye alikuwa kwenye ndege kwenda Saudi Arabia.